Nywele za Mwana Hiti

Kibiti wanamjua Tamimu kwa vitu viwili, mkono na mdomo. Mkono umemlisha tangu ujana wake. Kinu alichokichonga yeye hakipasuki, mbuzi yake ya kukunia nazi haiyumbi, na bao lake la kuchezea kete watu wanarithishana. Mdomo haujawahi kumletea hata kipande cha muhogo. Ulimi hauna mfupa, wanasema, na wa Tamimu haukuwekewa hata breki. Ukipita umevaa kanzu mpya atakuuliza umeazima kwa nani. Ukipita unakokota baiskeli atakuuliza leo ni zamu ya nani kumbeba mwenzake. Watu wanacheka, wanakwenda zao, na kesho wanapita njia ileile ili watukanwe tena. Ndivyo tulivyo.

Karakana yake ni kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, si mbali na barabara ya lami inayokwenda Mtwara. Hapo hukaa juu ya gogo na tezo mkononi, kichwa wazi, kipara kinang'aa. Nywele zilimhama mapema, kabla hata hajaoa, na Sabra mkewe husema wazi kwamba alikubali posa kwa sababu ya vinu.

Lakini zipo siku karakana hunyamaza. Tezo inasikika, patasi inasikika, mdomo hausikiki. Majirani wakiona hivyo huambiana kwamba mahali fulani kuna nyumba imepata mwali, kwa kuwa Tamimu akichonga mwana hiti hasemi neno, hata salamu huitikia kwa kichwa.

Mwana hiti ni mtoto wa mti. Msichana akivunja ungo, wanawake wa ukoo humweka ndani kwa muda wamfunde, na shangazi yake humletea mtoto huyo, wa kiasi cha shubiri moja. Hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili, matiti madogo, kitovu, shingo, na kichwa chenye nywele zilizosimama vishungi viwili. Mwali humwogesha, humpaka mafuta, humlaza ubavuni, na siku ya kutolewa nje hutoka naye mkononi mbele ya watu. Siku hizi mambo yamefupishwa. Kuna shule, kuna mitihani, na akina mama wamejifunza kuuingiza unyago mzima ndani ya likizo. Mtoto wa mti hajafupishwa. Aliwahi kuja mfanyabiashara mmoja kutoka Dar akitaka gunia zima la wana hiti akauze hotelini. Tamimu alimuuliza kama naye mama yake alimnunua hotelini, na biashara ikaishia hapo.

Katika kazi hiyo yote, alichokipenda Tamimu ni nywele. Nywele huchongwa mwisho, na kwa nywele ndipo fundi hujulikana. Vishungi vya Tamimu vilikuwa vyembamba, vimeinama mbele kidogo, na katikati yake aliacha mwanya mwembamba kiasi cha kupenya ukucha tu. Hakuna fundi mwingine aliyethubutu kuufanya mwembamba hivyo, maana ukikosea kidogo kishungi kinakatika na kazi yote imekwenda na maji.

Bintiye Iman alikulia kwenye mwanya huo. Ni binti pekee kati ya watoto wa kiume watatu, na alipokuwa mdogo alilala mchana juu ya mabaki ya randa pale karakanani. Kila mwana hiti aliyekamilika alipitishwa kwake kwanza. Iman alipitisha ukucha wa kidole kidogo katikati ya vishungi, kutoka mbele hadi kisogoni, kisha akauliza swali lilelile.

"Baba, wangu yupi?"

"Wako bado yuko mtini," alijibu Tamimu. "Akija, hawa wote watamwamkia."

Wala hakuwa anamdanganya. Wiki aliyozaliwa Iman, Tamimu alikata kipande cha mninga mahali pazuri, penye moyo mwekundu usio na fundo, akakipandisha darini juu ya jiko. Kila mwaka alikishusha, akakifuta vumbi, akakigonga kwa kidole na kukisikiliza, akakirudisha. Sabra alikijua. Hakuwahi kukitia motoni hata mwaka wa mafuriko, kuni zilipokuwa za kutafutwa kwa tochi.

Sasa tumweke Idrisa mahali pake, maana bila yeye hakuna kisa. Idrisa ni mtoto wa mjomba wake Tamimu, anaishi visiwani Delta, mwendo wa boti kutoka Nyamisati. Hukata nguzo za mikoko kama baba yake, na huchonga pia, kwa mti wa mkomafi unaoota kwenye matope ya chumvi. Hao ni mabinamu, na binamu ni mtani wako kwa haki. Anaweza kukuita fisi kwenye msiba wa baba yako na ukishindwa kucheka mwenye aibu ni wewe. Walitaniana tangu wakiwa wanakojoa kitandani. Idrisa, ambaye hakuwahi kuonekana bila kofia yake ya viua, alisema Tamimu huwasuka watoto wa mti kwa wivu, kwa kuwa Mungu alimnyima nywele za kwake. Tamimu alisema wana hiti wa Idrisa si watoto, ni maboya ya nyavu.

Utani una sheria moja tu, nayo ni kwamba usimguse mwenzako kwenye chungu chake cha riziki. Tamimu aliivunja. Maneno ya maboya aliyapeleka kwa wateja. Mama mmoja aliyekuwa amemwagiza Idrisa mwana hiti wa mpwa wake aliyasikia, akaghairi, akaja kwa Tamimu. Na kwenye harusi moja pale Nyamisati, Tamimu alimnyanyua mwana hiti aliyechongwa na Idrisa mbele ya ukumbi mzima akauliza kwa sauti kama kuna mvuvi aliyepoteza boya. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Idrisa naye alicheka, lakini kidogo, akamchukua yule mtoto akamfuta kwa ncha ya kanzu yake, akaondoka kabla ya pilau. Tangu siku hiyo hakukanyaga Kibiti. Idi mbili zilipita hata simu hakuna.

Mwaka jana, shule zilipokaribia kufungwa kwa likizo ndefu, Mashavu alikuja nyumbani. Mashavu ni dada mkubwa wa Tamimu, mwanamke mwenye sauti ndogo na amri kubwa. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akaongea habari za korosho, kisha akasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi:

"Nyumba yako ina mwali, Tamimu. Shule ikifungwa, Iman tunamweka ndani."

Tamimu aliinuka. Aliingia jikoni, akapanda kwenye ngazi, akashuka na kile kipande cha mninga kifuani, amekikumbatia. Uso wake ulikuwa umefunguka wote kwa furaha.

"Rudisha," alisema Mashavu.

"Dada..."

"Rudisha mti huo. Kinyozi hajinyoi."

Alijua. Hakuna fundi asiyejua. Mtoto wa mti ni mtoto wa mwali, kwa hiyo kwa baba wa mwali ni mjukuu, na babu hamzai mjukuu wake. Baba akimchonga mwana hiti wa bintiye amevuruga ukoo mzima, na ni aibu ambayo watu hawaitaji hata kwa jina. Tamimu aliijua sheria hiyo kabla Iman hajazaliwa. Miaka yote alikificha kile kipande darini akitumaini, bila kujiambia, kwamba siku itakapofika sheria itakuwa imesahaulika kama mambo mengine yalivyosahaulika.

"Basi nani?" aliuliza. "Yule fundi mzee wa Ngorongo amekufa. Hawa vijana wanachonga vitanda na milango. Dada, nani?"

Mashavu alimtazama tu. Alimtazama mpaka jibu likajileta lenyewe.

"Hata!" alisema Tamimu. "Yule hapana."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alisema Mashavu. "Uliambiwa, ukacheka. Desturi ni shangazi kwenda kuagiza, na mimi ningekwenda. Lakini mdomo uliotukana ndio utakaoomba. Ukirudi mikono mitupu, mwanao atatoka nje mikono mitupu, binti wa fundi, na Kibiti nzima itatazama."

Tamimu alikwenda Nyamisati kwa bodaboda akiwa na mninga wake ndani ya mfuko wa salfeti, na kutoka hapo akapanda boti ya mashine pamoja na magunia ya unga na kuku waliofungwa miguu. Njia nzima alifanya mazoezi ya kuomba radhi. Alianza na maneno mengi, akayapunguza, na boti ilipogusa tope la kisiwa hakuwa na hata moja.

Idrisa alikuwa uani kwake anabandua magome ya nguzo, kofia imeshuka hadi masikioni na jasho linamtiririka. Hakusimama.

"Asalaam aleikum, binamu," alisema Tamimu.

"Waaleikum salaam. Umepotea njia? Msikiti wa vipara uko Kibiti."

Kwa kawaida Tamimu angemjibu kabla hajamaliza. Leo aliufungua mfuko, akakiweka kile kipande chini, baina yao.

"Iman anawekwa ndani," alisema. "Mti huu nimemtunzia tangu alipozaliwa. Mimi sina ruhusa ya kuuchonga. Nimekuja kwako." Akakisogeza karibu yake. "Na yale ya harusini, Idrisa, nilikukosea. Ule haukuwa utani."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Tamimu aliinama kwelikweli. Alichuchumaa pale kwenye magome, mtu mzima na magoti yake yanayolia.

Idrisa alikichukua kile kipande. Alikigonga, akakisikiliza, akakinusa upande wa moyo, akakigeuza juani. Alikaa nacho muda mrefu, na mkewe aliyekuwa anasonga ugali alipunguza kasi ya mwiko ili asikie.

"Sijawahi kushika mninga mkavu namna hii," alisema mwishowe. "Nitamchonga. Lakini nitamchonga nitakavyo mimi. Hutauliza, hutatuma mtu kuchungulia, na akija hutasema neno."

"Sitasema."

"Wewe?" Idrisa alicheka kwa mara ya kwanza. "Na jingine. Mimi ni mtani wako na nina deni langu la harusi. Nitalidai nitakapotaka."

Maneno hayo ya mwisho Tamimu alirudi nayo Kibiti na yalimnyima raha. Iman aliwekwa ndani, chumba cha nyuma, na baba hakuruhusiwa kumwona. Alisikia nyimbo za akina mama, alisikia kinu kikitwangwa, alisikia kicheko cha mwanawe mara moja kikikatizwa na "shsh!" ya Mashavu. Kazi haikwenda. Alimwona mwana hiti wa Idrisa katika kila gogo: mara ana mgongo uliopinda, mara ana tumbo la boya na tundu la kupitishia kamba. Sabra alimwambia ale. Alikula akimtazama Sabra kama anayekula dawa.

Siku ya tano au ya sita hivi, bodaboda kutoka Nyamisati alileta kifurushi. Kilikuwa kimefungwa kwa kanga kuukuu iliyotakata. Mashavu alikipokea uani, wanawake wakamzunguka, na Tamimu akasimama pembeni, mikono nyuma, amekaza midomo kama alivyoahidi.

Kanga ilifunguliwa. Kwanza wanawake waliguna kwa kupendezwa. Kiwiliwili kilikuwa laini, chekundu, shingo imenyooka, kitovu kimekaa pale hasa kinapokaa. Kisha Mashavu akateremsha kanga kutoka kichwani.

Mwana hiti alikuwa na kipara.

Hakukuwa na vishungi wala shungi moja. Kichwa kilikuwa cha mviringo, kikubwa, kitupu. Sabra alijaribu kujizuia, akashindwa. Jirani yake akaangua kicheko. Mmoja akasema, "Jamani, huyu kamfuata babu yake!" na hapo ua wote ukalipuka kwa kicheko. Wanawake walikaa chini. Walishikana mabega. Hata ndani ya chumba cha nyuma kungwi aliuliza kuna nini.

Kiapo cha Tamimu kilikufa papo hapo.

"Ebo! Mjukuu wangu huyu?" alipiga kelele. "Mti wangu! Miaka yote nimeutunza, yeye anaufanya mzaha? Angenitukana mimi! Angenichonga mimi akaniweka sokoni! Mtoto gani anayetoka na kipara mbele ya watu?" Alimpigia simu Idrisa. Haikupatikana, mitandao ya visiwani ina tabia zake. Akaitukana simu. Akasema Iman atatoka na mchi, atatoka na mwiko wa kusongea, lakini hatatoka na hiki. Akaenda karakanani akaketi juu ya gogo, na watu wakasikia anavyohema.

Moyo wake uliuma kweli. Hakuwa ameudhika kwa ajili ya kipara chake, kipara alishakizoea. Alimwona Iman mdogo na ukucha wake wa kidole kidogo, anautafuta mwanya na haupo.

Mashavu alimfuata baada ya muda. Alikuwa amembeba mwana hiti begani, kama anavyobebwa mtoto aliyeshiba.

"Mshike," alisema.

"Sitaki kumwona."

"Sikukwambia umwone. Nimekwambia umshike."

Akampokea kwa kuwa ni dada yake. Mkono wake ulishuka mgongoni kwa mazoea, ukitafuta kosa, na haukulipata. Ulipita kiunoni, ukapita shingoni. Hakuna mahali tezo iliporuka, hakuna mahali msasa uliposahau. Tamimu amechonga miaka mingi na hajawahi kutoa mgongo kama ule, na mkono wake ulilijua hilo na haukuwa na namna ya kulikataa. Kisha ulifika kichwani ukasimama.

Kichwani palikuwa na mikwaruzo. Mwili wote ulikuwa umelainishwa hadi kung'aa, lakini utosini palikuwa bado na alama za tezo. Na kichwa kilikuwa kikubwa mno, juu ya paji la uso kulikuwa na mti mwingi wa bure, kimo cha vidole vitatu. Fundi anayechonga mgongo ule hasahau vidole vitatu vya mti. Tamimu alimgeuza juani. Katikati ya utosi, kutoka mbele hadi kisogoni, kulikuwa na mstari mwembamba uliochorwa kwa ncha ya kisu, mahali hasa unapopita mwanya.

Akaufuata kwa kidole.

"Amekuachia nywele," alisema Mashavu.

"Lakini mwiko, dada."

"Mwiko gani? Babu hamzai mjukuu. Huyu keshazaliwa, kazaliwa na Idrisa. Kumsuka mjukuu nywele nani amekukataza? Babu si mtani wa mjukuu wake? Mimi nililiona tangu nilipofungua kanga."

"Na hukusema!"

"Nilikuwa nasubiri umalize kupiga kelele."

Tamimu alitaka kucheka na badala yake machozi yakamshuka, tena mengi, yakidondoka kwenye mabaki ya randa. Alilia kwa furaha na kwa aibu, vyote viwili kwa pamoja. Alikuwa amemwita mtu huyu mchonga maboya mbele ya ukumbi mzima, na mtu huyu alikuwa amekaa kisiwani kwake akifikiria jinsi ya kumpitisha binamu yake kwenye mlango ambao desturi ilikuwa imeufunga.

Akajifuta, akachukua patasi ndogo, akaanza. Mdomo ulifungwa. Sabra alipoisikia karakana imenyamaza aliwaashiria wanawake, na ua wote ukanyamaza pamoja nayo, ikabaki patasi peke yake ikigonga polepole. Alasiri ilipoingia, Tamimu alimpuliza vumbi mwana hiti, akapitisha ukucha wake mnene katikati ya vishungi ukakwama, kama ilivyopaswa, kwa kuwa mwanya ule haukutengenezwa kwa ukucha wake. Mashavu akamfunika kwa kanga, akampeleka chumba cha nyuma. Hakumwambia Iman nani kafanya nini. Mwali haulizi.

Likizo ilipokaribia kwisha wakamtoa. Ngoma zilianza asubuhi, watu wakaja kutoka mitaa yote ya Kibiti na wengine kutoka Nyamisati, wakiwamo waliokuwapo kwenye ile harusi. Idrisa alikuja pia, kanzu nyeupe, kofia ya viua hadi masikioni. Tamimu alimwona kwa mbali. Walipeana mikono na kila mmoja akatazama pembeni, kwa maana watani wakikosa matusi hawajui wazungumze nini.

Mlango ukafunguliwa, vigelegele vikapanda, na Iman akatoka amebebwa mabegani. Alikuwa amevaa kanga mpya mbili na shanga shingoni, ngozi inang'aa kwa mafuta, macho chini kama inavyotakiwa. Mwali hainui macho na hacheki mpaka aketishwe mkekani. Mkononi alimshika mwana hiti, na mtoto huyo alikuwa amenona kwa mafuta ya nazi ya wiki zote hizo, mwekundu wa kuiva, vishungi vimesimama.

Walimzungusha ua mzima. Walipofika mbele ya Tamimu waliomwinua wakacheza kidogo, na hapo Iman, macho bado chini, akapitisha ukucha wa kidole kidogo katikati ya vishungi, kutoka mbele hadi kisogoni, polepole. Kisha akafanya lisilofanywa. Akainua macho akamtazama baba yake.

Alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini alijua tangu siku ya kwanza aliyomlaza ubavuni.

Tamimu akapaza sauti kabla hajapanga la kusema, kama kawaida yake. Ngoma zikasita.

"Jamani! Nyie mliokuwa Nyamisati, nisikieni! Nilisema binamu yangu huyu anachonga maboya. Nilisema uongo, na niliujua. Mtazameni mtoto huyo mgongo wake. Mimi siwezi mgongo huo. Huyo kachongwa na Idrisa. Mimi..." akanyoosha kidole kuonyesha vishungi. "Mimi ni msusi tu."

Watu walitazamana, maana hawakuwa wamewahi kumsikia Tamimu akimsifu mtu bila mkia wa tusi nyuma yake. Wote wakamgeukia Idrisa. Idrisa alikuwa anafikicha jicho. Alipomaliza kulifikicha akasogea mbele, taratibu, mpaka katikati ya ua.

"Sawa," alisema. "Nimesikia. Sasa nadai deni langu la harusi."

Akavua kofia.

Chini ya ile kofia ya viua, ambayo hakuna aliyewahi kuiona imevuliwa, kilikuwapo kipara. Kilikuwa kikubwa kuliko cha Tamimu, cheupe kwa kukosa jua, kimezungukwa na vinywele vichache vilivyobaki kama wageni wasiojua sherehe imekwisha. Idrisa akakiinamisha mbele ya binamu yake.

"Msusi," alisema, "ukipata nafasi, nisuke na mimi."

Mpiga ngoma aliangusha vijiti. Wanawake walikaa chini kama siku ile ya kifurushi, Sabra akiwa wa kwanza, na Tamimu alimkumbatia Idrisa kichwa kwa mikono miwili, akicheka na kulia, akikipangusa kile kipara kwa kiganja na kukiita mgongo wa kobe. Na kutoka juu mabegani, mahali ambapo hapakutakiwa kutoka hata pumzi, Iman alicheka kwa sauti, mwana hiti akiwa kifuani pake.

Mashavu alijifanya anarekebisha mkeka.